Fundi wa Sauti Akipata Kazi Kolwezi

Katika makanisa mengi ya Katuba, hapa Lubumbashi, habari ni ile ile. Kuna kijana ambaye kwa miaka ndiye anayeshika sono, yaani vyombo vya sauti. Anajua waya upi umechoka, anajua bafle ipi inakoroma ikipandishwa, anajua prizi ipi ya ukutani haiaminiki. Kisha anapata kazi. Kampuni ya mgodi Kolwezi au Fungurume inatafuta mafundi umeme, naye ana cheti, ana mikono mizuri, ana mke na mtoto. Kanisa linamwombea, linamshukuru Mungu pamoja naye, na Jumatatu anapanda basi. Jumapili inayofuata mikro inapiga mluzi tangu wimbo wa kwanza. Mhubiri anaiweka chini na kupaza koo lake. Korali iliyofanya repetisyo wiki nzima haisikiki kwa mama walioketi nyuma.

Huwezi kumlaumu mtu kwa kupata kazi. Katanga imekuwa nchi ya migodi tangu kampuni ya Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, na watu wa Katuba wamezoea kumwona ndugu akifunga sanduku kuifuata kazi ilipo. Kasoro iko kwetu sisi tulioacha ujuzi wote ukae katika kichwa kimoja. Na jambo hili si la sono peke yake. Mpiga kinanda akiugua, nyimbo nusu zinakufa. Mama anayejua sauti ya alto akihamia Likasi, alto nzima inaanza kuimba soprano kwa chini. Kijana wa kompyuta akiingia mitihani ya taifa, maneno ya nyimbo hayaonekani tena ukutani.

Nawaandikia viongozi wa korali, wapiga vyombo, mafundi wa sauti na wachungaji wao, wote wanaotumika bila mshahara. Ushauri wangu ni huu: kila kazi ya ibada iwe na watu wawili, anayeijua na anayejifunza kwake, na kujifunza huko kuingizwe ndani ya juma la kawaida. Msisubiri semina ya mwezi wa nane. Semina ni nzuri, inatia moyo, lakini mtu hujifunza kazi kwa kuifanya mara nyingi huku mwenye kuijua akimtazama.

Maandiko yenyewe yametutangulia. Fungua 1 Nyakati sura ya 25 uone jinsi Daudi alivyopanga waimbaji wa hekalu: wajuzi 288, zamu 24, kila zamu watu 12. Kura zilipopigwa, hazikutofautisha aliyebobea na aliyekuwa bado anafundishwa. Wote waliwekwa katika zamu moja. Na wewe unayeshika waya, usidhani Biblia imewataja waimbaji tu. Bezaleli alikuwa fundi wa mikono, wa dhahabu, shaba, mbao na mawe, na Kitabu cha Kutoka sura ya 35 kinaeleza kwamba yeye na Oholiabu hawakupewa ustadi tu, walipewa pia moyo wa kufundisha wengine. Fundi asiyetaka mtu aguse mashine yake amebaki na nusu ya karama hiyo.

Tunayo pia mifano ya nyumbani. Mwaka 1958, kule Kamina, padri Mfransiskani kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alisimama na korali aliyoipa jina Les Troubadours du Roi Baudouin, na misa iliyozaliwa pale ikajulikana duniani kote kwa jina la Missa Luba. Watu husifu ngoma zake na sauti ya kiongozi wa nyimbo. Mimi huvutiwa zaidi na jinsi korali ile ilivyoundwa: wavulana wapatao 45, wenye umri kati ya miaka 9 na 14, wakiimba bega kwa bega na walimu wao 15. Tena sehemu kubwa ya misa ile haikuanzia kwenye karatasi. Iliiva katika mazoezi, watu wakiitana na kuitikiana, hadi ikatulia. Hapa Lubumbashi kwenyewe njia ilikuwa nyingine. Korali ya Croix de Cuivre ya Dom Anschaire Lamoral, Mbenediktini, ililelewa kwa nidhamu ya nota, na Joseph Kiwele, aliyefariki mwaka 1961, aliandika Misa ya Katanga kama mtunzi aliyesomea kazi yake. Sikio na nota, vyote viwili ni urithi wa Katanga. Korali ya leo inayosema «sisi ni watu wa sikio, mambo ya solfa si yetu» inajinyima nusu ya mali ya baba zake, na inayodharau wasiojua kusoma nota inajinyima nusu ya pili.

Sasa tuingie Jumamosi mchana, kwenye repetisyo. Tazama saa. Nusu ya kwanza inakwenda kwa kungojana. Halafu wimbo unaimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mahali pale pale panavunjika kama Jumamosi iliyopita, watu wanacheka kidogo, kiongozi anasema «tena», unarudiwa wote, panavunjika tena. Saa mbili zinakwisha. Wameimba sana na hawajajifunza kitu, maana mahali pagumu pamepata sekunde kumi tu katika kila dakika tano.

Geuza mpango. Anza na mahali panapovunjika. Kama ni pale tenori wanapopanda huku besi wakishuka, chukua maneno yale matano tu. Besi peke yao, polepole, bila kinanda. Tenori peke yao. Kisha wote wawili, soprano na alto wakiwa kimya wakisikiliza. Wakipata mara tatu mfululizo bila kosa, ongezeni mwendo. Ndipo muunganishe na mstari uliotangulia, kwa kuwa mara nyingi kosa huanzia katika pumzi iliyochukuliwa vibaya mstari mmoja nyuma. Dakika kumi na tano za namna hii huzaa kuliko saa nzima ya kuimba wimbo mzima. Na Jumamosi inayofuata, kabla ya jambo lolote jipya, rudini hapo hapo kwa dakika tatu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 jinsi mtu anavyosahau haraka alichojifunza mara moja, na jinsi kukirudia kwa kuachanisha siku kunavyokikaza. Kwa hiyo dakika kumi na tano mara tatu kwa juma, kila mtu nyumbani kwake, ni bora kuliko kukesha Jumamosi usiku.

Simu husaidia hapa, ikitumiwa kwa akili. Kiongozi arekodi kila sauti peke yake, soprano, alto, tenori na besi, kila moja chini ya dakika mbili, atume kama sauti kwenye WhatsApp. Asitume video, inakula mega za watu bure. Mama anayeuza unga sokoni anaweza kuisikiliza alto yake mara ishirini kabla ya Jumamosi. Na mwanakwaya asiye na simu ya kugusa apangiwe jirani mwenye nayo, wakutane hata mara moja katikati ya juma. Msimwache nyuma kwa sababu ya kifaa.

Upande wa sono unahitaji mwendo wa pole zaidi, kwa kuwa kosa la fundi linasikika na kanisa zima. Ngoja nionyeshe jinsi ningemkalisha mwanafunzi mbele ya mikseri kwa mara ya kwanza.

Chagua siku isiyo na ibada. Fungua mkondo mmoja tu, mikro moja, bafle moja. Mwambie afunike faderi zote kwa daftari, kwa kuwa somo la leo ni kitufe cha gaini peke yake. Mwimbaji asimame mahali atakaposimama Jumapili na aimbe kwa nguvu atakayoimba Jumapili. Ule mtindo wa kugonga mikro na kusema «un, deux» haumfundishi mtu kitu, maana hakuna anayeimba hivyo. Mwanafunzi azungushe gaini polepole hadi taa ya kijani iwake muda wote, ya njano iguse mara moja moja pale sauti inapopanda, na nyekundu isiwake kabisa. Hapo mwache azungushe kupita kiasi kwa makusudi, asikie sauti inavyopasuka, kisha arudi. Sikio lake likishaujua mpasuko ule halitausahau. Somo la pili, siku nyingine, ni kukata sauti za chini, zile za chini ya hezi 80 au 100, kwenye kila mikro ya mwimbaji. Sauti ya mtu haipotezi kitu cha maana, na ule mvumo wa miguu jukwaani, upepo na kishindo cha ngoma unaondoka. Ekwalaiza nyingine zote zingoje.

Somo la tatu ni larseni, ule mluzi unaotufanya tuzibe masikio. Mwanafunzi mara nyingi hufundishwa dawa moja tu: punguza. Lazima aelewe sababu. Sauti inatoka kwenye bafle, inaingia tena kwenye mikro, inakuzwa, inatoka tena, na mzunguko unajilisha wenyewe. Akishaelewa, ataona dawa zilivyo nyingi. Bafle zisogezwe mbele ya waimbaji, zisiwe nyuma yao. Mikro zisizotumika zifungwe. Monita iwekwe upande ambao mikro haisikii. Na kubwa kuliko zote, mwimbaji asogeze mikro kinywani. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti inayofika kwenye mikro hupungua kwa takriban desibeli 6. Aliyeishika kwa sentimita 5 akaishusha hadi 10, kisha 20, amemlazimisha fundi kupandisha desibeli 12, na mluzi umekaribishwa na mwimbaji mwenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza mafundi na waimbaji wajifunze pamoja. Mikro ya kawaida ya kuimbia, ya aina ya SM58 ambayo Shure iliitoa mwaka 1966 na ambayo nakala zake zimejaa madukani kwetu, husikia vizuri mbele na kuziba masikio nyuma. Mwimbaji anayefunika kichwa cha mikro kwa kiganja, kama anavyoona kwenye video, anaharibu umbo hilo na mikro inaanza kusikia kila upande. Akielezwa hivi na fundi kwa heshima, siku ya mazoezi, huku akijisikia mwenyewe kwa namna zote mbili, ataacha. Akikemewa kwa ishara za mikono katikati ya ibada, ataona ameaibishwa na hatajifunza. Mara moja kwa mwezi mwimbaji mmoja aketi kwenye mikseri wakati wenzake wanaimba, na fundi mmoja asimame ndani ya korali. Vita vingi kati ya makundi haya mawili huisha hapo.

Kuhusu delestaji, najua nagusa kidonda. Umeme unakatika saa ile ile ya repetisyo, vijana wanakaa nje kwenye ukuta wakingoja, na giza likiingia wanarudi nyumbani. Tafadhali msipoteze saa hizo. Korali isiyo na kinanda ndiyo pekee inayoweza kujua kama inashika ufunguo: anzeni wimbo bila chombo, mfike mwisho, kisha mtu mmoja apige nota ya kwanza kwa simu, mwone mmeshuka kiasi gani. Mpiga ngoma achukue vijiti na ubao, aweke metronomu kwenye simu kwa mapigo 70 kwa dakika, na atunze mwendo huo dakika tano bila kukimbia. Polepole ndiko kunakomfichua. Mpiga gitaa achukue gitaa kavu. Mwenda Jean Bosco alipopiga «Masanga» mbele ya kinasa sauti cha Hugh Tracey mwaka 1952, pale Jadotville tunapopaita leo Likasi, alikuwa na gitaa moja lisilo na waya, kidole gumba na kidole cha shahada, na watu walidhani wanasikia magitaa mawili. Kijana wa Katanga anayetegemea pedali kuficha mkono wa kulia aliousahau ana shule kubwa ya kurudia, na shule hiyo haihitaji umeme wa SNEL.

Mafundi nao, saa ya giza ni saa ya waya. Mikro nyingi zinazosemwa zimekufa ni nzima, waya ndio umekatika, na umekatika kwa sababu mtu aliukunja kwenye kiwiko kama kamba ya kufungia mbuzi. Kunja kwa mizunguko mikubwa, mmoja ukiingia juu na unaofuata ukiingia chini, waya usijisokote ndani. Mwanafunzi afanye hivyo hadi mikono yake ijue gizani. Kisha afungue kichwa cha waya aone pini tatu, namba 1 ya ardhi, namba 2 na namba 3 za sauti, aone ule mchomeleo ulioachia. Kijana wa miaka kumi na tano anayeweza kupima waya kwa mita na kuurudishia risasi ameshaliokolea kanisa fedha nyingi, na amepata pia mlango wa riziki.

Umeme ukirudi, mwanafunzi ajue utaratibu kabla ya kujua jambo lolote la muziki. Mashine ziwe zimechomolewa tangu ulipokatika. Ngojeni dakika chache, kwa kuwa umeme unaorudi huja na kishindo, mara unazidi volti 220, mara unacheza. Upite kwenye stabilizateri. Washa mikseri na vinanda kwanza, ampli mwisho. Wakati wa kuzima, ampli kwanza. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, moshi wake ukielekea mbali na watu, kwa sababu hewa ya sumu iliyomo haina harufu na imeshaua watu waliolala karibu nayo. Mafuta yasiongezwe ikiwa ya moto. Na mwimbaji akisema mikro «inamuuma» mdomoni, simamisheni vyombo hapo hapo. Umeme unavuja, na huo si wakati wa kumalizia wimbo.

Majira yetu pia yana mtaala wao. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa vumbi jekundu linaingia kila mahali, linakaa kwenye faderi, na Jumapili faderi inakwaruza. Mtu mmoja apewe jukumu la kitenge cha kufunikia mikseri na brashi laini ya kila Jumamosi. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, bati juu yetu linapiga kelele kuliko mhubiri, na fundi asiyezoea hupandisha kila kitu hadi larseni. Heri viongozi wapange mapema: mvua kubwa ikija, vyombo vinyamaze, kanisa zima liimbe wimbo linaoujua, mahubiri yangoje. Hilo nalo lifanyiwe mazoezi.

Nimesema kujifunza kunataka mtu wa kukutazama. Lakini hapa Katuba kijana hawezi kumwambia yaya wake, sembuse papa wa miaka sitini anayeongoza korali, kwamba ameimba nje ya ufunguo. Heshima hiyo tusiibomoe, ni nzuri. Turekodi tu. Simu moja iwekwe nyuma ya kanisa, mahali wanapoketi watu, irekodi ibada. Jumanne jioni watu watano au sita wasikilize dakika ishirini pamoja. Kiongozi amuulize kila mmoja kwanza, «Wewe mwenyewe umesikia nini katika sehemu yako?» Mara nyingi mtu hujihukumu kwa haki kuliko tungethubutu sisi. Kisha wakubaliane jambo moja lililokwenda vizuri, jambo moja la kurekebisha, na nani atalirekebisha kabla ya Jumamosi. Moja tu. Orodha ya makosa kumi na mawili huvunja watu, na Jumapili inayofuata makosa yote kumi na mawili bado yapo.

Rekodi hiyo itafichua pia jambo ambalo wengi hawapendi kuambiwa: tunapiga kwa sauti kubwa mno. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo kwa kumbi za muziki, kwamba wastani usipite desibeli 100 kwa dakika 15, na hiyo ni kwa watu wazima walioingia kwa hiari yao. Katika chumba kidogo chenye kuta za saruji, ngoma kamili na bafle mbili, sisi tuna watoto wamelala migongoni mwa mama zao hatua tatu kutoka kwenye bafle. Programu ya bure ya simu haipimi kwa usahihi wa maabara, lakini inatosha kumfundisha mwanafunzi kulinganisha Jumapili na Jumapili. Mpiga ngoma afundishwe kupiga kwa upole bila kupoteza nguvu ya mdundo, na huo ni ustadi mgumu kuliko kupiga kwa kishindo. Na jirani wa parseli ya pili, ambaye usiku wa mkesha halali, naye ni mtu tuliyetumwa kwake.

Kwa wanaoshughulikia maneno ukutani nitakuwa mfupi. Makanisa yetu yanaimba Kiswahili, Kifaransa, Kiluba, Tshiluba, Kibemba na Lingala katika ibada moja. Kila lugha ipate msomaji wake, mtu aliyezaliwa nayo, apitie maneno siku ya Alhamisi. Na korali iambiwe maana ya kila mstari kabla ya kuujifunza. Wimbo wa Kinshasa ulioimbwa kwa silabi tu, bila kujua unaomba nini, husikika hivyo hivyo.

Kila kanisa linunue daftari moja gumu kwa ajili ya sono na vyombo. Mwanafunzi ndiye aandike, fundi asahihishe. Ukurasa wa kwanza uwe mchoro: waya huu unatoka wapi, unaingia mkondo upi. Kisha kila Jumapili mistari mitatu: nini kiliharibika, sababu ilikuwa nini, tulifanyaje. Baada ya miezi michache mtaona kwamba mkondo wa tano hufa kila mvua ikinyesha, na mtajua pa kutazama. Daftari likae kanisani. Kolwezi haliendi.

Msiogope kutoka nje ya kuta zenu. Kanisa la Kimetodisti la jirani lina kiongozi anayefundisha solfa. Parokia ya Kikatoliki ina mpiga kinanda aliyelelewa katika nidhamu. Wapentekoste wana vijana wa gitaa wasio na mfano. Ombeni kwa adabu, mchungaji kwa mchungaji, watumeni watu wawili kwa mwezi mmoja, nanyi mpokee wa kwao. Yupo pia fundi wa redio sokoni ambaye kwa ujira mdogo atamkalisha kijana wenu Jumatano mbili na kumwonyesha kilichomo ndani ya ampli. Na video za mafunzo zilizojaa kwenye intaneti zitumike kwa kanuni moja: tazama dakika kumi, zima, nenda kwenye chombo ukafanye ulichoona siku hiyo hiyo.

Neno langu la mwisho ni kwa wachungaji. Papa pasta, usimweke mwanafunzi kwenye ibada kubwa ya Jumapili kwa mara ya kwanza. Mpe maombi ya Jumatano, kisha mkutano wa akina mama, kisha ibada ya kwanza ya asubuhi, fundi wake akiwa ameketi pembeni mikono mifukoni. Ukiwa unatafuta mwanafunzi, tazama na upande wa wasichana. Wanaketi mstari wa mbele kila repetisyo, wana masikio, wana uvumilivu wa waya, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuwauliza. Mpe kila mtumishi wa sono na vyombo Jumapili moja kwa mwezi ya kuketi na familia yake na kusikiliza neno bila kushika kitu. Mwenye mwanafunzi anaweza kupumzika, asiye naye atachoka hadi aache kanisa. Na kamati ya fedha itakapokuja na mpango wa bafle mpya, ombeni kwanza vitu hivi katika bajeti ile ile: waya tatu za akiba, chuma cha kulehemu na risasi yake, mita ya kupimia, daftari, na nauli ya Jumamosi kwa wanafunzi wanaotoka mbali. Bafle ingoje mwezi unaofuata.